Probox ni ya Nani? Historia ya Jina Moja Kwenye Logibuku

Wiki iliyopita tukiwa mezani nilimuuliza Baba, "Hiyo Probox logibuku iko na jina la nani?"

"Langu. Kwani?"

Nikamwambia basi aibadilishe iwe ya Mama. Akaweka kijiko chini. "Kwani unataka nife?"

Sasa, Mama ndiye huamka saa tisa usiku kwenda Marikiti na hiyo gari. Anaijua kuliko fundi. Lakini kwa karatasi yeye ni dereva tu. Nilitaka kujua hii maneno ilianzia wapi, nikajipata nasoma sheria za enzi ya Malkia Victoria.

Zamani Uingereza mwanamke akiolewa, vitu vyake vya kuhamishika, yaani pesa, ng'ombe, vyombo, hata gari la farasi, viligeuka vya bwana siku hiyo hiyo. Angeviuza bila kumuuliza. Mwaka wa 1882 Bunge lao likapitisha sheria kwamba mke anaweza kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe. Wakoloni nao walituletea sheria za kwao zilizokuwa zikitumika kufikia tarehe 12 Agosti 1897, kwa hivyo hiyo ya 1882 ilikuwa kwa mzigo. Lakini ilibidi tungoje hadi 1971, uhuru ukiwa na miaka minane, ndio Mahakama Kuu iseme wazi kwenye kesi inayoitwa I v I kwamba inawahusu pia wanawake wa Kenya. Na Bunge letu halikutunga yetu ya mali ya ndoa hadi 2013. Manze, watu tayari wako WhatsApp na bado tunatumia sheria ya wakati wa farasi.

Upande wa kufa ulikuwa na mambo yake. Waafrika walifuata mila za kwao, Waislamu sheria ya dini, Wazungu sheria iliyotolewa India. Sheria moja ya urithi ilipitishwa 1972, halafu ikalala kabatini hadi 1 Julai 1981. (Waislamu waliondolewa humo 1990, kwa hivyo kama hiyo ndiyo familia yenu, hesabu ni tofauti.)

Hiyo sheria ndiyo ilinifanya nimkabili Baba. Mume akifa bila wosia na ameacha mke na watoto, mke anapata vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa. Mali iliyobaki anaitumia tu akiwa hai. Nikaenda kuangalia vitu vya nyumbani ni gani. Nguo, fanicha, picha, vyombo, hata chakula na vinywaji vimetajwa. Kisha inasema gari halimo, pamoja na kitu kingine chochote cha biashara au kazi ya marehemu. Mawakili wanaweza kubishana kama gari ya familia tu imeguswa na hayo maneno. Probox ya kubeba sukumawiki sioni itajificha wapi.

Shangazi yangu alipoachwa na mumewe, mashemeji walichukua funguo kabla hata matanga yaishe. "Hii ni gari ya ndugu yetu." Ikapelekwa ushago, ikaegeshwa chini ya mwembe. Yeye akaanza safari ya kortini: hati ya kusimamia mirathi, tangazo kwenye Gazeti rasmi la Serikali, siku 30 za kungoja pingamizi, halafu kwa kawaida miezi sita zaidi kabla hati ithibitishwe. Gari iliporudi, gia zilikuwa zimekufa. Hakuna mtu alimwambia kwamba kushika mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa, faini hadi shilingi 10,000 au jela hadi mwaka mmoja, au zote mbili. Aliyetumwa kuongea na hao mashemeji ni Baba. Alirudi mikono mitupu, na bado ananiuliza kama nataka afe.

Tena si watu wa kawaida pekee. S.M. Otieno alikuwa wakili mkubwa Nairobi. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui akapambana na ukoo wa Umira Kager hadi Mahakama ya Rufaa kuhusu atazikwa wapi. Wambui alisema mumewe alikuwa ametamka mwenyewe. Maandishi hayakuwepo. Otieno akazikwa Nyalgunga, Mei 1987.

Mambo yamebadilika, sikatai. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Echaria, ilisema kuwa mke tu hakukupi fungu la mali. Katiba ya 2010 ikaleta usawa ndani ya ndoa, na sheria ya 2013 ikahesabu hata kupika na kulea kama mchango. Inasema pia mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kwamba anamshikia mwenzake, hadi ithibitishwe vingine. Poa. Lakini hiyo utaenda kuieleza kortini. Sheria ya trafiki inamwona aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari, na anayepinga ndiye alete ushahidi.

Kubadilisha si kazi kubwa wote wakiwa hai. Baba anaanzisha kwa akaunti yake ya NTSA, Mama anakubali kwa yake, ada inategemea ukubwa wa injini. Kama kuna mkopo, benki iko kwa hiyo logibuku na lazima ikubali kwanza. Bima pia ibadilishwe.

Na Baba ajue anachofanya. Ikishakuwa ya Mama, ni yake kweli: anaweza kuiuza kesho, na yeye akitangulia, itaingia kwa mirathi yake. Akiihamisha kukwepa watu wanaomdai, wanaweza kuipinga. Nilimwambia hayo yote. Akanyamaza siku tatu.

Jana usiku ameniita sebuleni nimfungulie eCitizen. Nambari ya siri amesahau, na ile laini ya kupokea kodi alipoteza kitambo. Jumatatu tunaenda Huduma Centre. Mama amesema tutaenda na Probox, na ataendesha yeye.