Kuhesabu Watu na Kuchagua Watu

Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale neno "uchaguzi" si neno jepesi. Mzee akilisikia hunyamaza kwanza. Mama wa nyumba huweka akiba ya chumvi na unga, maana hajui kama njia ya soko itakuwa wazi juma lijalo. Kwa nini siku ambayo kwa mataifa mengine ni siku ya shangwe, kwetu imekuwa siku ya hofu? Si kwamba watu wetu hawapendi haki yao. Sababu zimo katika historia, na inafaa tuitazame historia hiyo bila kumficha mtu wala kumsingizia mtu.

Nchi na watu wake

Masisi na Walikale ni wilaya mbili jirani za Kivu ya Kaskazini. Masisi ni ndogo, yapata kilometa za mraba 4,700. Ni nchi ya vilima vyenye majani, ng'ombe wa maziwa, maharage na viazi, na watu wamebanana. Walikale ni kubwa kuliko wilaya zote za mkoa, yapita kilometa za mraba 23,000. Ni msitu mkubwa, na mto Lowa unapita ndani yake. Masisi ni nchi ya Wahunde, na pamoja nao wanakaa Wahutu, Watutsi na Watembo. Walikale ni nchi ya Wanyanga, Wakano, Wakumu na wengineo. Kwa Kanisa wote ni kundi moja, jimbo la Goma, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Mhashamu Joseph Mikararanga Busimba.

Zamani nchi hizi zilitawaliwa na mwami pamoja na wazee wake. Hapakuwa na karatasi wala sanduku la kura, lakini watu walijua mtawala mwema ni wa namna gani. Wanyanga wana masimulizi marefu ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck aliyaandika mwaka 1956 kutoka kinywani mwa msimuliaji Candi Rureke. Mwindo alizaliwa na nguvu nyingi na majivuno mengi. Hakuwa mtawala wa kweli mpaka alipochukuliwa juu mbinguni akaonja baridi, jua, mvua na njaa, akarudi amenyenyekea. Ndipo alipowapa watu wake sheria za kukaa kwa amani. Basi wazee wa msitu walijua jambo hili: ukoo na nguvu peke yake havimfanyi mtu awe kiongozi.

Jembe lililotolewa na mwingine

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe hilo lilitolewa, lakini si na mwenye shamba. Tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha jamaa nyingi kutoka Rwanda ikazileta Masisi, kwa sababu Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa ilikuwa ikirudi mara kwa mara, tena mashamba ya Wazungu yalihitaji wafanyakazi. Ikawapa hata utawala wao wenyewe huko Gishari, kisha mwaka 1957 ikauondoa.

Wahunde waliona ardhi ya babu zao inagawanywa. Wageni nao walilima, wakazaa, wakazika wazazi wao katika udongo ule ule. Watoto wao hawakujua kwao pengine. Hapo hofu mbili zilizaliwa. Mmoja alisema moyoni: tutakuwa wachache katika nchi yetu. Wa pili alisema: tutafukuzwa katika nchi tuliyozaliwa. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli. Anayeicheka mojawapo hawezi kuwapatanisha watu hawa.

Kura ya kwanza

Juu ya hofu hizo ililetwa kura. Desemba 1959 watu walichagua wajumbe wa mabaraza ya chini. Mei 1960 walichagua wabunge, majuma machache kabla ya uhuru wa tarehe 30 Juni. Wanaume peke yao walipiga kura; wanawake walipata haki hiyo mwaka 1967. Sheria ya mwaka 1960 iliwaruhusu pia watu wa Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo miaka 10. Neno hilo dogo la sheria lilikuwa na moto ndani yake, maana kila mmoja alianza kupiga hesabu: wao ni wangapi, na sisi ni wangapi? Mwaka 1962 mkoa wa Kivu ya Kaskazini ulianzishwa, na vyeo vikawa vya kugombewa. Tangu 1963 hata 1965 Masisi iliona vita vilivyoitwa vita vya Kanyarwanda. Nyumba zilichomwa, na jirani akamkimbia jirani.

Dhambi ya mfalme Daudi

Katika Kitabu cha Pili cha Samueli twasoma habari inayotusaidia kuelewa. Mfalme Daudi alitaka kuwahesabu watu wake, ajue ana wanaume wangapi wa kushika upanga. Yoabu, jemadari wake, alimwonya, lakini mfalme hakusikia. Kazi ilipokwisha, moyo wa Daudi ulimshtaki, na tauni ikaingia katika nchi. Je, kuhesabu watu ni dhambi? Hapana. Hata mchungaji huhesabu kondoo wake, naye hufanya hivyo asipotee hata mmoja. Daudi alihesabu apate kutegemea wingi wa panga.

Tauni ilikomaa wapi? Ilisimama penye kiwanja cha kupuria ngano cha Arauna, Myebusi, mtu wa taifa lililokaa pale kabla ya Waisraeli. Arauna alitaka kumpa mfalme kiwanja bure. Daudi alikataa, alilipa bei yake, ndipo akajenga altare. Wasomaji wa Masisi, yatafakarini hayo. Penye ugomvi wa ardhi, sadaka inayompendeza Mungu huanza kwa kumlipa mwenzako haki yake.

Hesabu iliyorudi

Baada ya Mobutu kutwaa utawala Novemba 1965, kura ikawa kimya. Mwaka 1970 alikuwa mgombea peke yake. Kadi ya kijani ilikuwa ya kumkubali, nyekundu ya kumkataa, na nchi nzima zilitangazwa kura 157 tu za kumkataa. Wengine walidhani amani imepatikana. Lakini swali la nani ni mwananchi lilibaki chini kama moto chini ya majivu. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wa Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikauondoa. Mtu alilala mwananchi akaamka mgeni.

Aprili 1990 vyama vingi viliruhusiwa. Mara moja hesabu ikarudi: nani ataandikwa, nani atachagua, nani atatawala kijiji? Mwaka 1991 maofisa walianza kuwatambua wananchi, na hofu zile mbili zikaamka pamoja. Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, wenye silaha waliwashambulia watu wa Kinyarwanda, wengi wao Wahutu. Vita vikapanda mpaka Masisi, na huko Wahunde na Wanyarwanda wakauana. Maelfu walikufa. Mahali ambapo mama mmoja humuuzia mwingine ndizi na chumvi palikuwa mahali pa kufia.

Na tuseme lililo chungu zaidi. Huko Mokoto, Masisi, kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa Watrapisti kutoka Ubelgiji, watu wa sala na kazi za mikono. Mei 1996 Watutsi waliokimbilia kwa watawa hao walishambuliwa, na mamia wakauawa. Watawa wenyewe ikawapasa kuondoka. Nchi ile ilikuwa imehubiriwa Injili kwa miaka mingi, na makanisa yalikuwa yanajaa Jumapili. Ubatizo tulikuwa nao. Lakini damu ya kabila ilikuwa imewekwa juu ya maji ya ubatizo.

Karatasi nzuri, mioyo ile ile

Novemba 2004 sheria mpya ya uraia ilitolewa, na tarehe 30 Julai 2006 Wakongo walichagua kati ya wagombea wengi kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 40. Watu zaidi ya milioni 25 walikuwa wamejiandikisha. Tume ya uchaguzi iliongozwa na padri wa mkoa wetu, Apollinaire Malumalu wa jimbo la Butembo-Beni. Wengine waliuliza kama padri afaa kushika kazi ya namna hiyo, na si swali baya. Lakini watu walitembea mwendo mrefu kwa miguu wakapiga kura, na hilo lilikuwa jambo kubwa.

Hata hivyo karatasi nzuri haibadili moyo. Katika uchaguzi wa Novemba 2011 tume ya uchaguzi ilitaka matokeo ya wabunge yafutwe katika maeneo 7 ya nchi kwa sababu ya vitisho na fujo, na Masisi ilikuwa mojawapo. Tarehe 20 Desemba 2023 Walikale ilipiga kura, bali Masisi haikupiga kwa sababu ya vita. Wengi wa Masisi walikuwa wakimbizi kando ya Goma, katika kambi kama ile ya Bulengo, na karibu nao watu wa mji walikwenda kupiga kura. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mwezi wa Januari, na mwezi wa Machi wakafika hata Walikale. Mtu aliyetoka katika uchungu wa kunyimwa kura hatasema tena kwamba kura ni karatasi tu.

Shule ya kuchagua iliyo karibu

Basi tufanye nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ulitufundisha kwamba kupiga kura kwa ajili ya faida ya wote ni haki na ni wajibu. Tena mwaka 2025 maaskofu wetu, pamoja na Waprotestanti, waliita nchi nzima kwenye mapatano ya amani na kuishi vema pamoja. Lakini mapatano ya wakubwa hayatashika mizizi kama sisi wadogo hatujajifunza kuchagua.

Nasi tunayo shule, nayo ni shirika, ile jumuiya yetu ndogo ya kila juma. Katika shirika twachagua mwenyekiti na mtunza sanduku. Twamtafuta mtu gani? Yule anayekwenda kumwona mgonjwa usiku wa mvua. Yule ambaye sadaka ikipita mikononi mwake haipungui. Yule anayeweza kusikiliza watu wawili wenye mpaka mmoja wa shamba, asipendelee. Mitume walipomchagua Mathia mahali pa Yuda, walitaka mtu aliyekuwa amefuatana nao tangu mwanzo, mtu waliyeyaona matendo yake, kisha wakasali. Hawakuuliza ukoo wake una watu wangapi.

Kwa nini basi mtu yule yule anayechagua vema katika shirika siku ya Alhamisi, siku ya uchaguzi hutafuta tu jina la kabila lake? Ni kwa sababu ya hofu. Anajua mwema ni nani, lakini anaogopa kwamba wengine watachagua kwa kabila, naye atabaki peke yake. Hofu hii haiondoki kwa hotuba. Huondoka kidogo kidogo, Mhunde akisimama baraza la mwami kutetea shamba la Mhutu aliyedhulumiwa, Mtutsi akitoa ushahidi wa kweli kwa ajili ya Mnyanga, hata kama ndugu zake wanakasirika. Kila tendo la namna hiyo ni kura iliyopigwa kabla ya siku ya kura.

Wapenzi wasomaji, siku itakapofika Masisi ichague tena, tujichunguze dhamiri kama tunavyofanya kabla ya kuungama. Je, nimepokea fedha au pombe ya mgombea? Je, nimeeneza uwongo juu ya kabila jingine? Je, mtu huyu nampa kura kwa sababu ya matendo yake, au kwa sababu ya jina la babu yake? Nikishindwa, je, niko tayari kuendelea kumsalimu jirani yangu na kununua maziwa kwake? Asiyeweza kujibu maswali hayo na apige magoti kwanza.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, awaombee watu wa Masisi na Walikale, wapate kurudi makwao, wachaguane bila hofu.