Nakala Rudufu

Nakala rudufu ni nakala ya data inayowekwa kando na ile ya kazi ya kila siku, ili hiyo ikipotea au kuharibika, kazi irejeshwe kutoka kwenye nakala. Katika ofisi na saiba za Migori na Homa Bay husemwa bakapu, na kitenzi chake ni kubakapu. Baadhi ya programu huandika chelezo, ambacho kwa mabaharia ni boya, au mahali meli inapopandishwa kuundwa na kukarabatiwa, kama chelezo cha Mwanza kilichoundiwa MV Mwanza. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, neno hilo huleta meli kabla ya kompyuta.

Rudufu na maradufu ni za mzizi mmoja: kurudufu ni kukifanya kitu kiwe viwili. Hapo ndipo istilahi inapopungukiwa, kwani hutaja uwili bila kutaja utengano, ilhali utengano ndio kiini. Folda iliyonakiliwa mara mbili kwenye diski ileile haina kinga yoyote diski hiyo ikifa. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja ndani ya kasha moja huokoa kazi diski moja ikifa, lakini faili ikifutwa kimakosa hufutika kwenye zote mbili papo hapo. Usawazishaji wa simu na wingu nao huweza kueneza kosa hivyohivyo. Nakala ya akiba lingekuwa jina la kweli zaidi, maana akiba hutengwa na matumizi, kama mbegu ya mahindi isivyochanganywa na mahindi ya kusaga. Hata hivyo rudufu imekwisha kuzoeleka katika maandishi, na haielekei kuondoka.

Utengano huo una uzito wa pekee huku. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na upande wa mashariki ngurumo huja sana alasiri, upepo wa ziwa unapokutana na nyanda za juu. Ni saa za kazi, mashine zikiwa zimewashwa. Umeme wa radi ukipita kwenye nyaya huweza kuunguza kompyuta pamoja na diski ya nje iliyoachwa imechomekwa. Diski hiyo basi huchomolewa mara kunakili kunapokwisha. Stima nayo ikikatika faili zikiwa zinaandikwa, huweza kuziharibu. Na nyumba za Nyatike zilizo karibu na Mto Kuja zina adui mwingine, mafuriko, ambayo hayachagui kati ya diski na daftari.

Kanuni inayotajwa mara nyingi, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, ni ya 3-2-1: nakala tatu za data, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa duka la dawa au studio ya picha mjini Homa Bay, hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje, na nakala ya tatu kwenye wingu au kwenye diski iliyowekwa Rongo. Flashi hufaa kubeba faili, si kuzitunza miaka. Ni ndogo, hupotea, na hufa bila dalili.

Wingu hupimwa kwa bando na kasi. Google hutoa jigabaiti 15 bure, na tangu Juni 2021 picha mpya huhesabiwa humo. Studio yenye jigabaiti 100, kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, hupakia kwa takriban saa 44 mfululizo. Kwa mzigo huo, diski inayopanda matatu hadi Rongo hufika mapema. Wingu hubakia kwa hesabu, barua na orodha za wateja.

Orodha hizo zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka anayetunza taarifa za watu azilinde na aweze kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali. Diski inayotoka nje ya ofisi yafaa isimbwe, na nywila yake isiandikwe kwenye kasha. Uwezo wa kurejesha nao hupimwa kwa kurejesha: kila baada ya miezi michache faili kadhaa hutolewa kwenye nakala na kufunguliwa kwenye mashine nyingine. Zikikataa kufunguka, nakala mpya hufanywa siku hiyohiyo, data ya kazi ingali hai.