Jicho linaloongoza mpira ndani ya moyo

Hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga imebeba jina la Adrien Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akatibu watu wa ukanda huo hadi alipofariki mwaka 1956. Alipoanza kazi, eksirei ilikuwa bado. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895. Mtoto akizaliwa na tundu kwenye moyo, daktari hakuwa na njia ya kuliona.

Mwaka uleule wa 1956, Werner Forssmann na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1929, akiwa daktari kijana huko Eberswalde, Ujerumani, Forssmann alijipenyezea mpira mwembamba, yaani katheta, kwenye mshipa wa mkono, kisha akatembea nao hadi chumba cha eksirei. Picha ndiyo iliyothibitisha kwamba umefika moyoni. Tangu hapo, kila hatua ya tiba ya moyo kwa katheta imetegemea kuona.

Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuchunguza moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti ya aina iliyotumika kutafuta nyufa za vyuma katika kiwanda cha meli. Ndiyo asili ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 1966 William Rashkind, huko Marekani, alitanua kwa puto tundu la moyo wa kichanga ambaye mishipa yake mikuu ilibadilishana nafasi. Yeye aliongozwa na eksirei. Baadaye madaktari waliweza kuifanya kazi hiyo kando ya kitanda, kwa eko peke yake, na mtoto akaepushwa mionzi.

Kwa miaka mingi Tanzania ilipeleka watoto wengi India kutibiwa moyo. Upasuaji wa moyo kwa kufungua kifua ulianza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako baadhi ya matundu ya moyo huzibwa kwa mtambo wa kathlabu, yaani wa kuongoza katheta kwa picha, bila kupasua kifua.

Hapo ndipo picha inapofanya kazi yake nzito. Katheta huingia kwenye mshipa wa paja, na dawa ya kung'arisha picha huonyesha damu inakopita. Kizibo cha nyaya laini hufunguka kwenye tundu kikiwa bado kimeshikwa na waya wake. Daktari hakiachii kwanza. Eko inakagua kama damu inavuja au kama kizibo kinaibana vali. Kikiwa kimekaa vibaya, hurudishwa ndani ya katheta. Kikikaa sawa, waya huzungushwa na kukiachia.

Ila tundu kubwa likichelewa kuonekana, shinikizo la damu huharibu mishipa ya mapafu, na kuna wakati kuliziba huwa hatari kuliko kuliacha. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo eko ya kwanza inatakiwa ifanyike karibu na nyumbani. Mzazi wa wilaya jirani za Nkasi au Kalambo ambaye mwanawe anahema haraka na kutoka jasho akinyonya, na haongezeki uzito, amwulize daktari kuhusu kipimo hicho mapema.