Kuchanganua DTD ya kamusi kwa Python

Fasili ya aina ya hati, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake DTD, ni sarufi ya hati ya XML. Hutaja elementi zinazoruhusiwa, mfuatano wake, na sifa ambazo kila elementi yaweza kubeba. Ilirithiwa kutoka SGML, kiwango cha kimataifa cha mwaka 1986, ikaingizwa katika XML 1.0 iliyopitishwa na W3C mwezi Februari 1998. Kwa kazi ya kamusi ina fadhila moja kubwa: ni fupi, na mwanaleksikografia asiye mwanaprogramu aweza kuisoma.

Kitenzi changanua ni kauli ya kutendua ya changanya: ni kutenganisha kilichochanganyika. Ndiyo maana kinafaa hapa kuliko chambua, ambacho wasomi wa fasihi wamekwisha kukizoea kwa kazi nyingine. Pia tutofautishe kuchanganua DTD yenyewe na kuthibitisha hati kwa DTD hiyo. Wengi huanza na la pili na kulisahau la kwanza.

Tuchukue DTD ndogo ya orodha ya nomino:

<!ELEMENT kamusi (nomino+)>
<!ELEMENT nomino (kidahizo, wingi?, maana+)>
<!ELEMENT kidahizo (#PCDATA)>
<!ELEMENT wingi (#PCDATA)>
<!ELEMENT maana (#PCDATA)>
<!ATTLIST nomino
  id ID #REQUIRED
  ngeli (m-wa | a-wa | ki-vi | li-ya | i-zi) #REQUIRED>

Alama ya kuuliza yamaanisha si lazima. Alama ya kujumlisha, moja au zaidi. Moduli ya lxml huisoma hivi:

from lxml import etree
dtd = etree.DTD("kamusi.dtd")
for e in dtd.iterelements():
    print(e.name, e.type)
    for s in e.iterattributes():
        print("  ", s.name, s.type, s.default, s.values())

Mwanafunzi asishangae kuona kidahizo kikiitwa "mixed" ilhali kina maandishi matupu: tamko lolote lenye #PCDATA huhesabiwa hivyo. Muundo wa ndani hupatikana katika e.content, nao ni mti wa matawi mawili mawili. Kwa nomino, tawi la kushoto ni kidahizo. La kulia ni mfuatano mwingine wenye wingi na maana. Aliyewahi kuchora matawi ya sentensi darasani atajiona yuko nyumbani.

Lakini faida hasa imo katika ule mstari wa ngeli. Programu inapoichapa orodha, m-wa na a-wa huonekana bega kwa bega, na hapo ndipo kasoro inapojitokeza kabla hatujafungua kidahizo hata kimoja. M-wa ni jina la ngeli kwa kigezo cha kimofolojia, yaani viambishi vya nomino; a-wa ni jina lake kwa kigezo cha kisintaksia, yaani upatanisho na kitenzi. Mhariri wa kwanza ataiweka kipofu katika ki-vi kwa sababu wingi wake ni vipofu. Wa pili ataiweka katika a-wa, kwa kuwa twasema kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Wote wawili watapita uthibitishaji bila lawama, na mtafiti atakayehesabu nomino za ki-vi atapata jibu lisilo na maana. DTD haijui Kiswahili. Hujua tu kama thamani imo orodhani.

Dawa ninayoipendelea ni kutenganisha vigezo (orodha nimezifupisha):

<!ATTLIST nomino
  umbo (m-wa | m-mi | ji-ma | ki-vi) #REQUIRED
  upatanisho (a-wa | u-i | li-ya | ki-vi) #REQUIRED>

Ki-vi imejirudia katika sifa mbili za elementi moja. XML 1.0 hushauri tuepuke hilo kwa ajili ya programu za kale za SGML. Ni ushauri, si sharti. Kistari kinaruhusiwa katika thamani hizi, lakini mkwaju haumo: anayeandika A/WA au 9/10 itambidi aandike a-wa au 9-10.

Kisha ndipo tuthibitishe:

hati = etree.parse("kamusi.xml")
if not dtd.validate(hati):
    for kosa in dtd.error_log:
        print(kosa.line, kosa.message)

Hatua hii haitokei yenyewe. Moduli ya xml.etree.ElementTree, inayokuja na Python, hukagua tu kwamba hati imeundwa vizuri: lebo zimefunguliwa na kufungwa ipasavyo, na kanuni nyingine za msingi za XML zimefuatwa. Kitomeo kisicho na ngeli kitapita humo kimya kimya, hata kama DTD imetajwa juu ya hati na sifa hiyo imeitwa ya lazima.

Makosa mengi ya mwanzo hutoka katika sifa ya id. Thamani ya aina ya ID haianzi kwa tarakimu, hairudiwi mahali pengine katika hati, wala haikubali ritifaa. Kwa hiyo ng'ombe na ng'ambo hukataliwa zikiandikwa hivyo katika id, ingawa ndani ya kidahizo hazina tatizo lolote; ziandikwe ngombe na ngambo. Kwa homonimu, tarakimu huongezwa mwishoni: kaa1 kwa mnyama wa pwani, kaa2 kwa kipande cha moto, paa1 kwa mnyama wa porini, paa2 kwa sehemu ya nyumba. Kidahizo chenyewe hubaki kaa na paa, kama msomaji anavyokitafuta.