Dengelua na Nyumba ya Mbaga

Tulipopanda kutoka Same hata Mbaga, katika Upare ya Kusini, tuliona nyumba ya kale ya misioni ya Kijerumani. Nje ya kuta zake wenyeji hukamua miwa, nayo maji yake huachwa yachachuke hata yawe dengelua. Zamani pombe haikuwa ya furaha tu, bali ilimwagwa chini kwa ajili ya wazee waliokufa. Jakob Dannholz wa misioni ya Leipzig alikuja Mbaga ili matambiko yakome. Lakini aliwauliza wazee, akaandika, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1916, kwa Kijerumani! Basi mjukuu atakaye kujua babu zake walivyotambika humwendea yule yule aliyewataka waache. Sisi tulionja kata moja tu, maana njia ya kuteremkia ina mapindi mengi.