Mkopo wa kikomo na jinsi unavyotumika

MKOPO wa kikomo ni mapatano ambapo benki humruhusu mteja kutumia fedha hadi kiwango fulani, kwa wakati autakao. Hutofautiana na mkopo wa kawaida, ambao hutolewa wote mara moja na kulipwa kwa awamu. Unapoambatanishwa na akaunti ya hundi, huitwa ovadrafti.

Riba hutozwa kwa kiasi kilichotumika pekee. Tuseme mnunuzi wa mahindi mjini Kitale ameruhusiwa Sh500,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Msimu wa mavuno akichukua Sh200,000 na kuzirejesha baada ya siku 30, riba yake itakuwa Sh2,466 hivi. Angelikopa Sh500,000 zote kwa muda huo, angelipa takriban Sh6,164. Akisharejesha, kikomo chake hujaa tena bila ya kuomba upya. Hata hivyo, baadhi ya benki hutoza ada ya kila mwaka hata fedha zisipoguswa.

Wakenya wengi waliujua utaratibu huu kupitia Fuliza, iliyozinduliwa na Safaricom pamoja na benki washirika Januari 2019. Humwezesha mtumiaji wa M-Pesa kukamilisha malipo salio lake linapopungua. Hapa gharama si riba ya mwaka bali ni ada ya asilimia moja pamoja na ada ya kila siku. Fedha zinapoingia kwenye simu, deni hukatwa papo hapo.

Mkopo huu hufaa kuziba pengo la muda mfupi, mathalani kununua bidhaa zitakazouzwa karibuni. Haufai kununulia ploti wala kujengea nyumba, kwani benki yaweza kudai fedha zake wakati wowote, ilhali ploti haiuziki kwa siku moja.

Anayeshindwa kulipa huripotiwa kwa mashirika ya kukusanya taarifa za wakopaji, na huenda akanyimwa mikopo kwingineko. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutekelezwa mwaka 2007, humkinga kwa kiasi: deni likishaingia katika orodha ya yasiyolipika, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi kiasi alichokuwa akidaiwa wakati huo.

Kabla ya kutia sahihi, mteja aulize riba, ada zote, na tarehe ya kikomo kukaguliwa upya. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali.