Thomas Odoyo: Mrushaji wa kasi aliyebeba mpira mpya wa Kenya kwa miaka 15

Kenya ilipoelekea Bara Hindi mwaka wa 2011 kushiriki Kombe la Dunia la kriketi, nahodha wake alikuwa Jimmy Kamande, mzaliwa wa Murang'a, eneo ambalo mji wa Kiriaini umekaa juu ya matuta ya majani chai, kando ya barabara inayoelekea Othaya na Nyeri. Miongoni mwa wachezaji aliowaongoza alikuwamo mkongwe mmoja aliyekuwa akishiriki fainali hizo kwa mara ya tano. Huyo ni Thomas Migai Odoyo, mrushaji wa kasi ambaye historia yake ndiyo historia ya kupanda na kushuka kwa kriketi ya Kenya.

Odoyo alizaliwa jijini Nairobi tarehe 12 Mei 1978. Alirusha mpira kwa mkono wa kulia, kwa kasi ya wastani iliyochanganywa na ujanja, na pia alikuwa mpigaji mwenye nguvu aliyeweza kuiokoa timu baada ya wapigaji wa juu kutolewa. Kwa sababu ya vipaji hivyo viwili, mashabiki walimfananisha na Ian Botham, nyota wa zamani wa Uingereza.

Kazi ya mrushaji wa kasi

Msomaji asiyeuzoea mchezo huu huenda akajiuliza kwa nini mrushaji wa kasi huthaminiwa hivyo. Yeye ndiye anayekabidhiwa mpira mpya, wenye uzito wa takriban gramu 160, ungali mgumu na wenye kung'aa, na ushono wake umesimama. Mpira huo huweza kupinda hewani au kubadilisha mwelekeo unapogusa ardhi. Kati ya wiketi za upande mmoja na za upande wa pili pana umbali wa mita 20 na ushei tu, kwa hiyo mpira unaorushwa kwa kilomita 130 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda wa karibu nusu sekunde.

Katika mechi ya siku moja kila timu hurushiwa ova 50, na kila ova ina mipira sita. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10. Mrushaji wa kasi hukimbia hatua nyingi kabla ya kila mpira, kisha huutua mguu wa mbele kwa kishindo kinachoumiza goti, kifundo na mgongo. Ndiyo maana warushaji wengi wa aina hiyo hustaafu mapema. Odoyo alidumu miaka 15.

Kijana wa miaka 17

Kenya ilipata tiketi ya Kombe la Dunia la 1996 baada ya kumaliza ya pili katika mashindano ya ICC Trophy yaliyoandaliwa Nairobi mwaka wa 1994, ambako ilishindwa na Milki ya Falme za Kiarabu katika fainali. Tarehe 18 Februari 1996, mjini Cuttack, Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja dhidi ya wenyeji India. Odoyo alikuwa kikosini, hajatimiza hata miaka 18. India ilishinda kwa wiketi 7, Sachin Tendulkar akipata mikimbio 127 bila ya kutolewa.

Siku 11 baadaye, tarehe 29 Februari, ulimwengu wa kriketi ulipigwa na butwaa. Mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 pekee dhidi ya West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979. Mikimbio 24 kati ya hiyo ilikuwa ya kijana Odoyo. Kisha West Indies, wakiwa na Richie Richardson na Brian Lara, walitolewa wote kwa mikimbio 93. Rajab Ali na nahodha Maurice Odumbe walitwaa wiketi tatu kila mmoja.

Ushindi huo haukuwa wa kubahatisha, kwani mnamo Mei 1998 Kenya iliilaza India kwa mikimbio 69 mjini Gwalior, katika ardhi ya India yenyewe.

Kilele cha 2003

Mafanikio makubwa zaidi yalikuja katika Kombe la Dunia la 2003 lililoandaliwa na Afrika Kusini, baadhi ya mechi zikichezwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kusafiri hadi Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi. Hata hivyo, hakuna aliyeipa Kenya ushindi wa tarehe 24 Februari katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, ilipoicharaza Sri Lanka kwa mikimbio 53. Collins Obuya alitwaa wiketi tano siku hiyo.

Tarehe 12 Machi, mjini Bloemfontein, Kenya iliifunga Zimbabwe kwa wiketi 7. Martin Suji, mrushaji wa kasi aliyeshirikiana na Odoyo kwa miaka mingi, alitwaa wiketi tatu na kutangazwa mchezaji bora wa mechi. Odoyo naye alikamilisha kazi kwa kupiga mikimbio 43 bila ya kutolewa. Hivyo Kenya ikawa timu ya kwanza isiyocheza mechi za Test kufika nusu fainali. Safari hiyo ilikatizwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi, kwa mikimbio 91.

Rekodi zang'aa, nyumba yaungua

Kilichofuata hakikulingana na heshima hiyo. Mwaka wa 2004 wachezaji waligoma kwa sababu ya malipo, na Odumbe akapigwa marufuku ya miaka mitano kwa kuhusiana na mcheza kamari. Tangu Septemba 2004 hadi mwanzoni mwa 2006, Kenya haikucheza mechi hata moja rasmi ya siku moja. Chama cha zamani kilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na Cricket Kenya mwaka wa 2005. Wachezaji waliokuwa katika umri wao bora walipoteza muda ambao haurudi.

Cha kushangaza ni kwamba Odoyo alizidi kung'aa wakati huo. Aliteuliwa katika kikosi cha Afrika kilichopambana na Asia mwaka wa 2005 na 2007. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka taifa lisilocheza Test kutimiza wiketi 100 na mikimbio 1,500 katika mechi za siku moja. Mwaka wa 2007 alipata mikimbio 111 bila ya kutolewa dhidi ya Kanada jijini Nairobi, na ICC ikamtuza kuwa mchezaji bora wa mataifa wanachama washirika.

Lakini mti mmoja haufanyi msitu. Katika Kombe la Dunia la 2011, ambalo lilikuwa la mwisho kwa Odoyo, Kenya ilipoteza mechi zake zote sita, ikiwemo ile ya Chennai ambako New Zealand iliitoa kwa mikimbio 69 pekee.

Mizizi mifupi

Chanzo kimoja cha anguko hilo kinaonekana katika orodha ya majina. Vikosi vya Kenya vya enzi hizo vilijaa ndugu wa jamaa chache: akina Tikolo, Suji, Odumbe, Obuya na Ngoche. Wengi walikulia karibu na viwanja vya klabu za Nairobi. Kamande wa Murang'a alikuwa mfano adimu. Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, mtoto mwenye bega lenye nguvu hukua akicheza kandanda au voliboli, na huenda asiuguse mpira wa kriketi maishani. Timu inayochota maji katika kisima kimoja haiwezi kushangaa kisima kinapokauka.

Mnamo Januari 2014, baada ya mashindano ya kufuzu yaliyofanyika New Zealand, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Tangu 2011 haijashiriki tena Kombe la Dunia la aina hiyo. Odoyo alirudi akiwa kocha mkuu wa timu ya taifa, lakini Februari 2018 Kenya ilishindwa katika mechi zote za Ligi ya Dunia Daraja la Pili nchini Namibia na kushushwa daraja. Kocha, nahodha Rakep Patel na rais wa chama walijiuzulu.

Odoyo angali ndiye Mkenya aliyetwaa wiketi nyingi zaidi katika mechi za siku moja. Rekodi hiyo inalindwa na ubora wake, na pia na jambo chungu zaidi: maadamu Kenya haina hadhi hiyo, hakuna mrushaji chipukizi, awe wa Nairobi au wa Kiriaini, anayeweza hata kuanza kuifukuzia.